Vali ya Mchepuo katika Injini ya Turbo: Kazi Yake na Namna ya Kuchagua Mbadala

Anayepanda kwa gari kutoka Mombo kuelekea Lushoto hupata mapema habari za injini yake. Barabara huacha tambarare na kuanza kuzunguka kando ya bonde; dereva hukanyaga mafuta, huachia anapoingia kwenye kona, kisha hukanyaga tena, na hurudia hivyo mara nyingi hadi afike juu. Ni katika mwendo huo ambapo gari dogo la petroli lenye turbo, ambalo lilienda vizuri tambarare, huanza kuonyesha udhaifu wake. Kila baada ya kona nguvu huchelewa kurudi. Moshi mweusi hutoka nyuma dereva anapoachia mafuta. Mlio wa kupapatika husikika chini ya boneti.

Gari hilo likifikishwa gereji, jibu la haraka huwa ni kwamba turbo imekufa na inunuliwe nyingine. Huenda ikawa kweli. Lakini dalili hizohizo zaweza kuletwa na kifaa kidogo kinachoenea kiganjani, yaani vali ya mchepuo wa hewa, au na mpira mwembamba unaoiongoza vali hiyo. Kati ya majibu hayo mawili pana tofauti kubwa: moja humaliza kazi kwa siku moja, na jingine laweza kuteketeza akiba ya msimu mzima wa mboga. Kwa wakazi wa kata za mbali kama Mtae, Mlalo na Lukozi, ambako gari la jirani ndilo humchukua mgonjwa usiku na ndilo hushusha mzigo sokoni, tofauti hiyo si ya fedha peke yake.

Makala haya yanaeleza vali hiyo inafanya nini, hujulikanaje kuwa imeharibika, na mambo gani yazingatiwe kabla ya kununua nyingine.

Turbo na hewa ya milimani

Injini huchoma mafuta kwa msaada wa hewa. Ikipata hewa nyingi zaidi, yaweza kuchoma mafuta mengi zaidi na kutoa nguvu zaidi bila kuongezwa ukubwa. Turbo ni kifaa cha kuiongezea injini hewa hiyo. Ndani yake mna feni mbili zilizofungwa kwenye shafti moja. Feni ya kwanza huzungushwa na moshi unaotoka kwenye injini kwa kasi. Feni ya pili, kwa kuwa iko kwenye shafti hiyohiyo, huzunguka pamoja nayo, hufyonza hewa kupitia chujio na kuikandamiza kuelekea ndani ya injini. Wazo hilo si geni: mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alilipatia hataza mwaka 1905.

Shafti ya turbo ya gari dogo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika injini inapofanya kazi nzito. Huelea juu ya utando mwembamba wa oili, na kwa sababu hiyo haivumilii oili chafu, vumbi wala mishtuko.

Lushoto mjini iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Kwa kimo hicho, shinikizo la hewa hupungua kwa karibu asilimia 15 likilinganishwa na Tanga mjini. Gari lisilo na turbo hupoteza nguvu kwa kadiri hiyohiyo. Gari lenye turbo laweza kufidia upungufu huo, lakini feni yake hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili kutoa kazi ileile. Kwa hiyo turbo inayopanda milima kila siku hufanya kazi ngumu kuliko ile ya mjini pwani, na vali zinazoilinda zina umuhimu mkubwa zaidi.

Michepuo miwili isiyofanana

Kila anayesafiri anaijua barabara ya mchepuo: njia ya pembeni inayopitisha magari nje ya mji ili katikati pasisongamane. Injini ya turbo nayo yaweza kuwa na michepuo ya namna hiyo, na gari la petroli huwa nayo miwili. Makosa mengi ya ununuzi huanzia pale michepuo hiyo inapochanganywa, kwa kuwa dukani zote mbili huitwa tu vali ya turbo.

Wa kwanza ni mchepuo wa moshi. Vali yake hukaa upande wa moto wa turbo, mahali moshi unapoingia. Shinikizo la hewa inayokwenda kwenye injini likifika kiwango kilichowekwa na mtengenezaji, kikombe kidogo chenye utando na springi husukuma fito, fito hufungua kilango, na sehemu ya moshi hupita pembeni bila kuzungusha feni. Kwa njia hiyo turbo haivuki mpaka wake. Kilango hicho kikikwama wazi, gari halivuti. Kikikwama kimefungwa, hewa hukandamizwa kupita kiasi, na injini yenyewe yaweza kuharibika. Kwa hiyo kukaza fito hiyo au kuifunga kwa waya ili gari lipate nguvu zaidi ni kuuondoa ulinzi wa injini kwa mkono.

Wa pili ni mchepuo wa hewa. Vali yake hukaa upande wa baridi, kwenye bomba linalopeleka hewa iliyokandamizwa kwenye injini au kwenye turbo yenyewe. Kazi yake si kuweka mpaka wa nguvu, bali ni kuilinda turbo pale dereva anapoachia mafuta. Vali hii ya pili ndiyo inayozungumziwa katika sehemu zinazofuata.

Kinachotokea mguu unapoinuliwa

Katika gari la petroli, pedali ya mafuta huongoza kilango kiitwacho throto. Kilango hicho hukaa mlangoni mwa injini na kuamua hewa iingie kiasi gani. Dereva akikanyaga, kilango hufunguka, akiachia, hufunga.

Tatizo ni kwamba turbo haisimami papo hapo. Dereva anapoachia mafuta kwenye kona, kilango hufunga ghafla, lakini feni bado inazunguka kwa kasi kubwa na inaendelea kusukuma hewa. Hewa hiyo hukuta mlango umefungwa. Haina pa kwenda, hivyo hurudi nyuma na kuipiga feni iliyoileta. Feni hupigwa, hupunguza kasi kwa mshtuko, na shafti husukumwa mbele na nyuma kwenye beringi zake. Mlio wa kupapatika unaosikika wakati huo, tu-tu-tu, ni sauti ya hewa inayogongana na feni. Aidha, kwa kuwa feni imepunguzwa kasi, dereva akikanyaga tena baada ya kona hulazimika kusubiri turbo ianze upya.

Vali ya mchepuo wa hewa huondoa tatizo hilo kwa kuipa hewa njia ya pembeni. Kilango kinapofunga, vali hufunguka kwa muda mfupi, hewa iliyobanwa hutoka kwenye bomba na kurudishwa kwenye njia ya kuingilia turbo, na feni huendelea kuzunguka bila kupigwa. Dereva akikanyaga tena, vali hufunga na nguvu hurudi mapema.

Kwa vali ya kawaida isiyotumia umeme, uamuzi wa kufungua na kufunga hufanywa na hewa yenyewe. Ndani ya vali mna utando wa mpira au pistoni, na juu yake springi inayousukuma ufunge. Mpira mwembamba huunganisha chumba cha juu cha vali na manifodi ya hewa, yaani upande wa pili wa kilango cha throto. Gari linapovuta, shinikizo la juu ya utando na la chini yake hukaribiana, kwa hiyo springi hushinda na vali hubaki imefungwa. Kilango kinapofunga, injini huendelea kufyonza na manifodi huwa na ombwe, ambalo mafundi huliita vakyumu. Ombwe huvuta utando kutoka juu, hewa iliyobanwa husukuma kutoka chini, springi hushindwa, na vali hufunguka.

Maelezo hayo yanabeba jambo moja la kukumbukwa: mpira mwembamba ni sehemu ya vali. Ukichanika, ukilegea au ukichomwa na joto, vali mpya ya bei yoyote haitafanya kazi.

Magari ya dizeli

Injini ya dizeli kwa kawaida haiongozwi kwa kubana hewa. Nguvu yake huongezwa na kupunguzwa kwa kiasi cha mafuta yanayonyunyizwa, huku hewa ikiingia bila kuzuiwa na kilango kama cha petroli. Dereva wa Fuso anapoachia mafuta, hewa iliyokandamizwa huendelea kuingia kwenye injini; haigongi mlango uliofungwa. Kwa sababu hiyo magari mengi ya dizeli hayana vali ya mchepuo wa hewa, wala hayaihitaji.

Mmiliki wa Canter, Isuzu au Hilux ya dizeli anayeambiwa aongeze vali hiyo ili gari livute vizuri mlimani hana faida atakayopata. Gari la dizeli likipoteza nguvu, uchunguzi uelekezwe kwingine: chujio la hewa na la mafuta, mipira mikubwa ya hewa, mchepuo wa moshi, au mabawa madogo yanayojigeuza ndani ya turbo za kisasa, ambayo hukwama kwa masizi. Yapo pia magari ya dizeli yasiyo na turbo kabisa, kama Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, na hayo hayahusiki na vali hizi.

Wanaohusika hasa ni wenye magari ya petroli yenye turbo: baadhi ya Subaru Forester na Impreza, Mazda CX-7, Suzuki Jimny ya injini ndogo ya turbo, na magari mengi ya Ulaya ya miaka ya karibuni.

Dalili na vipimo kabla ya kununua

Vali ya mchepuo wa hewa huharibika kwa namna mbili, na kila namna ina dalili zake.

Namna ya kwanza ni kuvuja au kukwama wazi. Utando umechanika, springi imechoka, au uchafu umezuia vali isifunge. Hewa iliyokandamizwa huvuja pembeni kila wakati gari linapovuta. Gari huwa zito mlimani, mlio wa hewa kama wa mluzi husikika, mafuta hutumika zaidi, na taa ya injini yaweza kuwaka kwenye dashibodi.

Namna ya pili ni kukwama imefungwa. Nguvu zaweza kuwa nzuri gari linapovuta mfululizo, lakini mlio wa kupapatika husikika kila mafuta yanapoachiwa, na nguvu huchelewa kurudi baada ya kona. Hali hii hailalamikiwi sana kwa kuwa gari bado linakwenda, lakini ndiyo inayochosha turbo polepole.

Kabla ya kutoa fedha, mmiliki ana haki ya kumtaka fundi apime kwa utaratibu, injini ikiwa imepoa:

1. Mipira yote ya hewa iangaliwe, mikubwa na myembamba, pamoja na klipu zake. Mpira ulioloa oili, uliovimba au wenye ufa ubadilishwe kwanza. Mpasuko mdogo huonekana vizuri mpira ukikunjwa kidogo kwa vidole.

2. Vali ifunguliwe na kupimwa kwa pampu ndogo ya mkono ya kuvuta hewa. Pampu iunganishwe kwenye mdomo mwembamba wa vali. Mvuto ukiongezwa, utando unapaswa kuinuka na kubaki hapo bila kushuka. Ukishuka wenyewe, umetoboka. Usipoinuka kabisa, umekwama au mvuto unavujia mahali.

3. Vali yenye pistoni isukumwe kwa kidole kisafi. Inapaswa kwenda na kurudi bila kukwaruza. Ikiwa nzito, huenda inahitaji kusafishwa na kupakwa oili nyepesi tu, si kutupwa.

4. Turbo yenyewe ikaguliwe kabla ya kuhukumiwa. Mpira wa kuingizia hewa ukiondolewa, feni huonekana. Mchezo mdogo sana wa shafti kwenda pembeni ni wa kawaida kwa turbo nyingi. Lakini shafti ikisogea mbele na nyuma kwa kiasi kinachohisiwa, feni ikigusa ukuta, au mabawa yakiwa yameliwa, turbo ndiyo mgonjwa. Moshi wa bluu na oili inayopungua huelekeza huko pia.

Fundi asiyefanya hata kipimo kimoja kati ya hivi, kisha akatamka kwamba turbo imekufa, hajaonyesha bado msingi wa uamuzi wake.

Kuchagua vali mbadala

Vali ikithibitika kuwa mbovu, mambo sita huamua ipi inafaa.

La kwanza ni namna inavyoongozwa. Vali za magari ya zamani kidogo huongozwa na ombwe kupitia mpira mwembamba. Magari mengi mapya hutumia vali ya umeme yenye soketi ya waya, na kompyuta ya gari ndiyo huamua lini ifunguke. Namna hizi mbili hazibadilishani. Kuondoa vali ya umeme na kuweka ya mpira bila vifaa vyake maalumu huwasha taa ya injini, na kompyuta yaweza kulipunguzia gari nguvu kwa makusudi.

La pili ni mahali hewa inapokwenda. Vali nyingi za kiwandani huirudisha hewa kwenye njia ya kuingilia. Zipo vali nyingine zinazoipuliza nje, na hizo hutoa ule mlio mkali wa "pssh" unaopendwa na vijana. Mlio huo una gharama. Magari mengi ya petroli yana sensa inayopima hewa baada tu ya chujio. Kompyuta hupanga mafuta kwa hewa iliyopimwa. Hewa hiyo ikipulizwa nje, mafuta yaliyopangiwa hubaki bila hewa yake: injini hukohoa, moshi mweusi hutoka, plagi huchafuka na mafuta hupotea kila kona. Katika barabara yenye kona nyingi hasara hiyo hurudiwa safari nzima. Tena, ikiwa vali ya kupuliza nje haifungi sawasawa injini ikiwa kwenye mwendo wa chini, yaweza kufyonza hewa isiyochujwa, na vumbi la barabara zetu za kiangazi likaingia moja kwa moja kwenye injini. Kwa gari la kazi, vali inayorudisha hewa ndiyo chaguo la busara.

La tatu ni vipimo vya mwili wake. Kipenyo cha midomo, umbali wa matundu ya bolti na uelekeo wa midomo lazima ulingane na vali ya awali. Mathalani, vali ndogo ya Bosch iliyotumika kwenye magari mengi ya Ulaya ina midomo ya milimita 25, ilhali ya Subaru nyingi hufungwa kwa bolti mbili na gasketi kwenye kipoza hewa. Mdomo mpana kulazimishwa kwenye mpira mwembamba, au kinyume chake, huzaa uvujaji uleule uliokuwa ukitibiwa.

La nne ni ugumu wa springi. Springi laini kupita kiasi huiachia vali ivuje gari linapovuta. Springi ngumu kupita kiasi huizuia vali isifunguke mafuta yanapoachiwa, na feni huendelea kupigwa. Hapa kimo cha milima yetu kina neno lake: hewa ya nje ikiwa nyepesi, mvuto wa manifodi nao huwa mdogo kuliko pwani, hivyo springi iliyokazwa sana hufanya vibaya zaidi huku juu. Kwa injini ambayo haijabadilishwa kitu, springi ya kiwango cha kiwandani ndiyo sahihi. Magari mengi ya petroli hufanya kazi kwa shinikizo la kati ya nusu bari na bari 1 juu ya hewa ya kawaida, na vali ya kiwandani imeundwa kwa hilo. Vali yenye springi ya kurekebishwa iwekwe laini kadiri inavyowezekana bila kuvuja.

La tano ni utando au pistoni. Vali ya utando hujibu upesi na haihitaji kupakwa oili, lakini mpira wake huzeeka kwa joto na mvuke wa oili. Vali ya pistoni, hasa ya chuma, huvumilia joto na shinikizo kubwa, lakini hukwama ikiingiwa na vumbi au utomvu wa oili, hivyo hudai kusafishwa mara kwa mara. Kwa mwenye gari asiyetaka kulifungua kila baada ya miezi michache, utando mzuri wa kiwandani wafaa zaidi. Kwa aliye tayari kuitunza, pistoni hudumu.

La sita ni asili ya kifaa. Vali iliyotumika kutoka kwenye gari lililokatwa yaweza kuwa nzuri, mradi ipimwe kwa pampu pale pale dukani kabla ya malipo. Vali mpya ya bei ndogo isiyolingana na soko yaweza kuwa ya bandia: namba iliyofifia, mpira mgumu, plastiki yenye kingo zisizonyooka. Namba iliyochapwa kwenye vali ya zamani na namba ya chesisi ya gari ndizo ziongoze ununuzi, si kufanana kwa macho. Atakayemwagiza ndugu spea kutoka Kariakoo au Gerezani, Dar es Salaam, amtumie picha ya namba hizo pamoja na vipimo vya midomo. Safari ya pili kwa kosa la milimita chache yaweza kugharimu kuliko vali yenyewe.

Kufunga na kujaribu

Vali mpya ifungwe kwa uelekeo uleule wa ile ya awali. Mdomo uliokuwa ukitazama hewa iliyobanwa ubaki ukiitazama. Gasketi ya zamani isirudishwe. Mpira mwembamba ubadilishwe pamoja na vali hata kama unaonekana mzima, na uwe wa aina inayovumilia joto na usiobonyea ukivutwa. Klipu zibane bila kukata mpira.

Baada ya kufunga, injini iwashwe na kusikilizwa ikiwa kwenye mwendo wa chini. Uvujaji mdogo hujulikana kwa maji ya sabuni kupakwa kwenye maungio, gari likipewa mwendo na msaidizi: povu likipulizwa, hewa inatoka. Fundi achunge mikono na nguo zisikaribie feni wala mikanda. Jaribio la mwisho ni barabarani. Gari lipande mlima, liachiwe mafuta kwenye kona, kisha likanyagwe tena. Nguvu zikirudi bila kusitasita, na mlio wa kupapatika ukiwa umetoweka, kazi imekamilika. Dalili zikibaki vilevile, vali haikuwa chanzo, na uchunguzi uanze upya badala ya kununua kifaa kingine kwa kubahatisha.

Utunzaji wa baadaye ni mwepesi. Chujio la hewa lisafishwe au libadilishwe mapema katika msimu wa vumbi. Oili ibadilishwe kwa wakati na iwe ya daraja lililoelekezwa na mtengenezaji. Baada ya kupanda mlima mrefu na mzigo, injini iachwe izunguke polepole kwa dakika moja au mbili kabla ya kuzimwa, ili oili iipoze shafti ya turbo.

Haki na wajibu wa mnunuzi

Mwananchi anaponunua spea adai stakabadhi ya mashine ya EFD. Ni wajibu wa kisheria kwa muuzaji kuitoa na kwa mnunuzi kuidai, na ndiyo ushahidi wa kwanza iwapo kifaa kitagundulika kuwa kibovu au cha bandia. Vali ya zamani irudishwe mikononi mwa mwenye gari baada ya kazi. Kwa kuiona, atajua kweli ilibadilishwa na kilichoharibika ni nini. Malalamiko kuhusu bidhaa bandia hushughulikiwa na Tume ya Ushindani, na Afisa Biashara wa Halmashauri aweza kumwelekeza mwananchi hatua za kufuata. Ofisi ya Mtendaji wa Kata ndiyo mlango wa karibu zaidi kwa anayeishi mbali na makao makuu ya wilaya.

Kwa upande wa mafundi, vijana wengi wamejifunza kazi hii gerejini kwa kuangalia wakubwa wao, na ujuzi wao ni wa kuheshimiwa. Vyuo vya VETA hutoa mafunzo ya ufundi wa magari, na upo utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunza kazi nje ya chuo. Fundi mwenye pampu ya kupimia mkononi na cheti ukutani humwondolea mteja wasiwasi kabla hajafungua boneti.

Vali ya mchepuo ni kifaa kidogo, na kazi yake ni ya kitambo kifupi kila mguu unapoinuliwa. Lakini katika barabara ya milima kitambo hicho hurudi kila kona, mwaka mzima. Mwenye gari anayeijua ataanza kwenye mpira mwembamba kabla ya kwenda kwenye turbo, atapima kabla ya kulipa, na ataichagua inayolingana na injini yake hata kama haina mlio. Na usiku ambao jirani atabisha hodi kwa sababu ya mgonjwa, gari litakuwa tayari kupanda.